Nilipanda Ngweshe Kumwita Mtu Mwizi wa Chai

Mnaniuliza kila siku, mlangoni pa kanisa na kule stesheni: "Papa Banza, kule milimani kulikuwa nini?" Nimechoka kusema jambo moja mara ishirini, halafu kila mmoja anaondoka na kipande chake. Basi nimeandika. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, msitafute maneno ya kupambwa. Aliyesoma kunipita anunue daftari lake.

Mnajua mimi ni nani. Nilianza na birika moja na vikombe vinne, nikiwauzia chai abiria wa treni. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, nina duka la chai lenye meza sita, na wake wa askari wanatoka Base, kambi ya jeshi, kuja kununua majani kwangu. Hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na mlinisikia.

Mnajua pia kilichonipeleka. Majani yangu yanatoka Ngweshe, milima ya Kivu, kwa mwanamke anayeitwa Mama Nabintu. Ana shamba dogo, anachuma na kusokota kwa mikono yake. Miaka mingi yalikuja mazuri. Mwaka mmoja baada ya kumzika mke wangu Marie, chai ikaharibika. Ilikuwa nyekundu haraka kama maji ya kutu, harufu hakuna, na mwisho wa kikombe uchungu unabaki juu ya ulimi. Wateja wakaanza kuacha vikombe nusu. Nikampigia Nabintu simu, nikamwita mwizi, nikamwambia anachanganya majani ya msituni. Akakata. Toka siku hiyo hakupokea simu yangu. Nikawaambia ninyi, watu wakitoka ibadani, kwamba yule mwanamke ni mwizi. Neno likapanda treni mbele yangu.

Nikafunga majani yale mabaya ndani ya mfuko wa plastiki. Nilitaka kuyamwaga mbele ya macho yake.

Kamina mpaka Kabalo

Treni ilikuwa ya Jumanne. Iliondoka Ijumaa. Siku tatu hizo nilikwenda stesheni asubuhi na mzigo, nikarudi jioni na mzigo, mpaka jirani mmoja akaniuliza nimemletea nini kutoka Kivu.

Ndani ya behewa nilikaa na Mama Ngoie, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Bukama. Alikuwa na vikapu vitano, na cha tano alikiweka juu ya miguu yangu.

"Tata, sogeza miguu. Samaki yangu ilikata tikiti."

"Samaki ilikata tikiti, na minyi nilikata nini?"

"Weye ulikata ya kusimama."

Watu wakacheka. Nikasogea. Baadaye akanipa bukari, ugali wetu, na kipande cha samaki, bila mimi kuomba, akauliza ule mfuko niliouweka kifuani una nini.

"Mambo ya kesi."

Akaunusa. "Inanuka kama chai. Lakini kidogo tu."

"Ile kidogo njo kesi yenyewe."

Kabla ya Kabongo tulisimama siku moja na nusu, kwa sababu behewa la mizigo lilikuwa limetoka relini. Watu wa vijiji walikuja na mihogo ya kuchemsha, asali, uyoga. Abiria wote walitaka chai ya kuteremshia mihogo. Mimi, muuza chai wa Kamina, niliyejulikana na nusu ya treni, nilikaa kando ya reli nikanywa maji. Sikutaka kugusa yale majani kabla ya kufika.

Kabalo yuko Papa Kasongo, naye ana duka la chai karibu na stesheni. Alikuwa akinunua kwa Nabintu kama mimi. Akanikumbatia.

"Muzee, toka nilisikia neno yako, yule mama nilimurudishia gunia yake. Hata kufungua sikufungua."

"Haukuonja?"

"Neno ya muntu kama weye, nionje ya nini? Na bale ba Kalemie baliacha pia."

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilikula sahani mbili kwake, kuku, na nikaondoka nikijiona mtu mkubwa.

Ziwa

Kalemie upepo ulitufunga siku nne. Siku ya tano tukapanda mashua ya kwenda Uvira, tumebanwa katikati ya magunia ya mahindi. Nilikuwa nimevaa koti langu jeusi la mazishi, kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Kosa langu. Mawimbi yalipoanza kuingia, mwanamke mmoja akanishika mkono.

"Pasteri, utuombee."

"Minyi hapana pasteri. Minyi nauzisha chai."

"Basi uombe na ile chai yako."

Wote wakaniangalia. Nikasimama, nikashika kamba, nikasema: "Mungu, mashua ni yako, ziwa ni yako, bantu ni yako. Sisi tunataka kufika tu." Nikakaa. Baada ya saa moja maji yakatulia, kama yanavyotulia siku zote, lakini tangu hapo sikulipia chakula. Mpishi wa mashua akaniletea mikeke wawili wa kukaanga, samaki wa ziwa lile, wanene, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nikaona aibu kula tu. Nikafungua mfuko, nikatoa majani kiganja kimoja, nikachemsha chai kwa jiko la mpishi. Walikunywa bila neno, kama watu wanavyokunywa cha bure. Ila yule mwanamke aliyeniita pasteri, naye ni mtu wa kule juu, Walungu, aliiweka mdomoni akakaa nayo.

"Papa, hii chai inagombana."

"Inagombana na nani?"

"Yenyewe na yenyewe. Moja inasema kiangazi, moja inasema mvua. Haizoee kukaa nyumba moja."

"Weye ni munganga ya chai?"

"Hapana, papa. Mimi nakunywaka tu."

Nikamnyang'anya kikombe nikakimaliza mwenyewe. Sikumsemesha tena mpaka Uvira.

Kupanda

Niliacha Kamina katika kipwa, yaani kiangazi chetu, vumbi mpaka ndani ya sahani. Kule juu nilikuta mvua zimeanza. Lori letu lilibeba chumvi na watu, na kwenye miteremko ya Ngomo likakuta lori lingine limekaa matopeni kama kuku anayeatamia. Tuliteremka, tukasukuma la kwanza, tukasukuma la kwetu, tukarudi kusukuma la kwanza. Baridi ilinikuta na mashati matatu na koti, bado natetemeka. Mama mmoja wa kando ya njia akaniuzia maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, nikala nikiwa nimesimama, mikono juu ya sufuria yake.

Kutoka Bukavu nikafika Walungu, ndani ya Ngweshe, nikauliza kwa Mama Nabintu. Sikujua kwamba kule jina hilo liko kila nyumba, kama Ilunga kwetu. Wakanipeleka kwa Nabintu muuza miwa. Halafu kwa Nabintu mwalimu, ambaye alinionea huruma akanipa kiti. Halafu kwa bibi kizee asiyesikia, aliyefurahi sana kuniona na hakutaka niondoke. Mwishowe nikamwambia mwanamume mmoja aliyekuwa akipasua majani ya mgomba: "Nabintu wa chai."

"A, yule banamwita mwizi?"

Akaendelea mwenyewe: "Yeye hapana mwizi. Kuko muzee mmoja wa kule Kamina, mbali, njo alisema vile. Sasa bachuuzi wote balimuacha. Mwaka huu akikosa kuuzisha, atakata miti yake ya chai, apande muhogo. Weye, papa, unatoka wapi?"

Nikamwambia natoka mbali. Nikaomba njia.

Kwa Mama Nabintu

Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, mkanda wake juu ya kipaji cha uso. Ni mwanamke mwembamba, nywele nyeupe. Nilipotaja jina langu hakuacha kuchuma. Vidole vilikwenda: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi.

"Ulifika na miguu yako," akasema.

"Nilifika na chai yako."

"Ilete."

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Kabongo. Hakungoja maneno. Aliteremsha kikapu, akachukua ungo, akamwaga mfuko wangu humo mwenyewe, akachutama. Akaanza kutenga kwa kidole, hapa na pale, kama mtu anayetoa mawe katika maharagwe. Upande mmoja vikawa vipande vidogo, vyeusi, vimejikunja kabisa. Upande mwingine vipande vikubwa, vyepesi, rangi ya udongo, vimefunguka.

"Hii nilichuma wakati wa kiangazi. Hii nilichuma wakati wa mvua. Zote mbili ni zangu. Msitu haiko humu. Nani alizioza?"

"Namna gani kuoza?"

"Nani alizioza, bibi na bwana, bakae nyumba moja?"

Nikakumbuka pipa langu. Mnalijua, lile la chuma lililo nyuma ya duka. Baada ya Marie nilisema magunia yanakula nafasi, na chai ni chai. Gunia likifika nalimwaga juu ya lililobaki.

"Minyi," nikasema.

Akanipeleka kwenye mistari ya miti akanionyesha. Nitasema kama nilivyoelewa. Wakati wa kiangazi mti wa chai unakaza. Umande tu na ukungu wa asubuhi. Jani linachukua wiki tatu kutoka, linatoka dogo, gumu, na harufu yote imebaki ndani kwa sababu haikupata maji ya kukimbilia. Unachuma siku nzima kikapu hakijai. Chai yake haikai nyekundu sana, lakini ukifunua birika, mtu wa chumba cha pili anauliza ni nini. Mvua zikija, majani yanakimbia. Unachuma Jumatatu, Jumatatu inayofuata yamerudi. Ni makubwa, laini, yamejaa maji, na kuyakausha ni kazi, yanakaa siku mbili juu ya mikeka na kushika moshi wa nyumba. Chai yake ni nyekundu, kali, fupi.

"Kwa hiyo ya mvua ni mbaya," nikasema.

"Nani alisema mubaya? Ile ya mvua inataka maziwa na sukari na mukate. Ile ya kiangazi inataka kuachwa peke. Ukizichanganya, moja inaiva mbele ya ingine. Unangoja moja, ingine inakuwa dawa ya minyoo."

Nikabisha. Ndiyo tabia yangu. Nikamwambia ile mbaya ilifika kwangu katika kipwa, kwa hiyo ilikuwa ya kipwa, na bado ilikuwa mbaya. Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Ilifika wakati wa kiangazi. Haikuchumwa kiangazi. Ilikaa njiani miezi miwili, mitatu. Wewe mwenyewe ulikuja siku ngapi?"

Sikuzihesabu mbele yake.

Lakini kwenye ungo vipande vya kiangazi vilikuwa vichache, mabaki ya wakati wa Marie, nikapata neno moja bado, na hilo nilidhani lingemshinda. "Vizuri. Kuchanganya ni kosa langu. Lakini juu ya nini mwaka nzima ulinitumia ya mvua tu?"

Akaingia ndani, akatoka na magunia yangu matupu. Mnajua kwamba tunarudisha magunia, ni mazito, hayapatikani hovyo. Yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kama nilivyoyafunga mimi Kamina, kwa nailoni ya buluu niliyoikuta uani.

"Weye njo uliomba."

Halafu akaniambia habari ambayo mimi, mwenye duka, sikuwahi kuijua. Mdogo wake aliolewa na askari, wakakaa Base. Yeye ndiye aliyempa Marie majani ya kwanza, sokoni, wakiongea mambo ya wanawake. Kule milimani simu ilikuwa haishiki bado. Wakapatana kwa kamba. Gunia la kiangazi Nabintu analifunga kwa kamba ya mgomba. La mvua, kwa nailoni. Na Marie akirudisha magunia matupu, anayafunga kwa kamba ya ile anayotaka iletwe. Nailoni tatu, mgomba mbili. Miaka yote ile. Chai ya mgomba aliwapa wale wanaokunywa kavu, bila maziwa, wazee wa kanisa na yule daktari wetu. Ya nailoni aliwapa watu wa maziwa na mikate. Mimi nilikuwa mbele, nikipokea sifa.

"Marie alituma mutu kuniambia: kamba ikifika, njo mimi nasema," akasema Nabintu. "Nilisikia alikufa. Nililia. Kisha kamba zikaendelea kuja. Nikafikiri ni weye unasema."

Mvua ikaanza. Tukaingia ndani. Akapika birika mbili, hakusema ipi ni ipi, na hakukuwa na haja. Nikanywa ya kwanza, nikajua nyumba yangu ilivyokuwa ikinuka Jumapili Marie akirudi ibadani. Nikanywa ya pili na mkate.

Nilikaa siku tano. Nilimsaidia kuchuma, kama hiyo ni kusaidia. Kila nilipojaza kikapu aliingiza mkono akatupa nusu chini. "Jani la tatu hili, papa. Hili ni la ng'ombe." Nina miaka sabini na kitu, na tangu mama yangu hakuna mwanamke aliyenitupia kazi yangu chini. Nikainama nikachuma tena.

Siku ya kuondoka nikamwambia: "Unataka nipige magoti?"

"Magoti yako nitaifanya nini? Ulisema mwizi ukiwa unasimama, kila kituo. Urudie kulifuta ukiwa unasimama. Kila kituo."

Akanipa magunia mawili. Moja mgomba, moja nailoni. Na akanionyesha fundo, mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza nililifunga la mbuzi.

Kurudi

Kalemie niliwatafuta wachuuzi wa chai, wako wawili. Nikasimama mbele ya kila mmoja nikasema: "Minyi ni yule muzee ya Kamina. Nilisema uongo bila kujua. Mama Nabintu hapana mwizi. Onja." Mmoja akaonja, akaagiza. Wa pili alisema atafikiri.

Kabalo ilikuwa ngumu. Papa Kasongo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Kwa hiyo ile gunia nilirudisha ilikuwa muzuri."

"Ilikuwa muzuri."

"Na haukunizuia."

"Ungefungua, ungejua."

"Neno yako njo nilifungua, Muzee."

Hakunipa kiti, wala kuku. Nilingoja treni siku mbili stesheni nikila ndizi. Siku ya pili alipita, hakunisalimia, akasimama mbali kidogo akiangalia magunia yangu. Akauliza kamba ya mgomba ina maana gani. Nikamweleza. Akasema: "Umwambie atume mbili za ile," akaenda zake. Bado hatujapatana, mimi na yeye. Lakini gunia ataletewa.

Kamina

Sasa ninyi. Nilisema mbele yenu kwamba Mama Nabintu ni mwizi. Si mwizi. Mwenye kosa ni mimi, na pipa langu. Nilisema pia kwamba hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalo lifuteni. Nilishikwa mkono miaka thelathini na sikuutazama mkono.

Pipa nimelitoboa kifuniko, nimeliweka chini ya paa, linakusanya maji ya mvua. Dukani kuna birika mbili. Mtu wa maziwa anaonyeshwa ya kushoto, mtu wa kavu ya kulia. Msiniombe kuchanganya.

Nyuma ya mlango wa jikoni Marie alikuwa na msumari, na juu yake zilining'inia kamba za mgomba, zimekaushwa, zimepasuliwa sawasawa. Baada ya matanga nilizitoa mwenyewe nikawashia mkaa. Niliziona takataka. Kwa hiyo juzi nilikwenda kwa jirani mwenye migomba, nikakata ganda, nikalianika, nikapasua. Kamba ya kwanza ilikatika, ya pili pia. Ya tatu ilishika.

Nimefunga magunia matupu manne: mgomba mbili zangu, mbili za Kasongo. Nimeyapeleka stesheni Jumanne. Treni haijafika. Kila asubuhi nakwenda kuangalia kama fundo bado limekaza.